Nilivyoinyamazisha Taa ya Tairi

Jumatatu, 8 Juni 2026

Dada Hafidha ameshuka kutoka Mgeta kununua vitu vya harusi ya binti yake, Mwanaasha. Nimempokea stendi ya Msamvu mwenyewe. Nilitaka akae kwenye gari langu, aone lilivyo tulivu, halafu atamke kwa mdomo wake kwamba Jumamosi ni mimi, Halidi, fundi cherehani wa Kihonda, nitakayemshusha bibi harusi kutoka mlimani hadi kwa mumewe.

Ni haki yangu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba aliyebaki ni mimi tu. Upande wa bwana harusi wana magari yao, ila dada amekataa. Binti yake atashushwa na ndugu zake. Tatizo ni Mikidadi, mdogo wake baba wa bibi harusi. Ana Landrova ya kubebea kabichi, nzee kuliko bibi harusi, na amejitolea. Inanuka kabichi hata ikiwa tupu!

Nilikuwa nimefika mahali patamu. Nilikuwa namweleza dada kwamba Landrova haina akili, bali gari langu linajua kila kinachotokea mwilini mwake. Papo hapo taa ikawaka. Ya njano, mfano wa chungu kilichokatwa, ndani yake alama ya mshangao. Dada akauliza ni nini. Nikasema gari linamsalimia. Akasema hajawahi kusalimiwa kwa rangi ile.

Dada hajawahi kushika usukani, lakini hadanganyiki, na kwa hilo namheshimu sana. Amesema nikipanda Mgeta Alhamisi na taa bado inawaka, Mwanaasha anapanda Landrova. Hatampitisha mwanawe kwenye zile kona za mlimani ndani ya gari linalolalamika.

Jumanne, 9 Juni

Nimeshona kifuniko cha dashibodi. Velveti nyeusi, pindo la dhahabu, tundu moja la kuonea spidi. Kazi safi. Mke wangu Saada amekifunua kabla hajakaa vizuri.

Saada anafundisha fizikia sekondari. Amesema pindo limenyooka, kisha akanieleza habari za taa. Nilidhani ndani ya kila tairi kuna kidude kinachopima upepo. Kumbe magari mengine yanacho, langu halina. Langu linahesabu mizunguko! Tairi likipungua upepo linakuwa dogo kidogo, na tairi dogo lazima lizunguke zaidi ili lisiachwe na wenzake. Gari likiona gurudumu moja lina haraka kuliko mengine, linajua hapo pana shida, linawasha taa. Bila kuugusa upepo wenyewe! Sijasikia kitu kizuri namna hii tangu nianze kushona. Waliolibuni gari hili wangekuwa jirani ningewapelekea pilau.

Nikauliza, yakipungua yote manne kwa pamoja je? Saada akasema hapo gari halijui lolote, maana kazi yake ni kulinganisha tu. Ndiyo maana watu hupima kwa geji asubuhi, tairi likiwa baridi. Na kile kitufe cha chini ya usukani hubonyezwa baada ya kujaza upepo sawasawa, kwa sababu ukikibonyeza, gari linaikariri hali hiyo kuwa ndiyo sahihi. Akaendelea na mengine, mambo ya hatari. Sikuyasikia vizuri. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Nimeoa vizuri sana.

Jumatano, 10 Juni

Mteja akileta suruali yenye mguu mmoja mfupi, huwezi kuurefusha ule mfupi. Kitambaa utakitoa wapi? Unaufupisha mwingine. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Tairi lililopungua upepo ni la nyuma kushoto. Ningeweza kwenda kwa fundi pancha, lakini fundi pancha wa mtaani kwetu ni rafiki wa Mikidadi, na habari zingefika Mgeta kabla yangu. Kwa hiyo nimechuchumaa kwenye yale mengine matatu na sindano nene. Nikayaachia upepo kidogo kidogo kupitia vali, huku napima kwa futi yangu ya kushonea, kutoka ardhini hadi kwenye rimu, mpaka yote yakalingana. Jirani akauliza nafanya nini. Nikamwambia nalipima gari suti.

Nikabonyeza kitufe. Taa ikapepesa, ikazimika. Nimezunguka Kihonda yote, na dashibodi ni nyeusi kabisa. Nimekaa ndani ya gari muda mrefu naitazama tu.

Alhamisi, 11 Juni

Nimepanda Mgeta. Baada ya Mzumbe usukani ulianza kuwa mzito, nikadhani ni mlima. Mawe yaligonga tumbo la gari mara kwa mara. Lakini nani angejali mawe? Matuta ya karoti na njegere yamepangana mpaka juu, ukungu umekaa bondeni, na taa imezimika!

Nilimwamkia dada, akaitikia huku ameshaingia kwenye gari. Ameichunguza dashibodi kama anayechambua mchele. Aliniamuru niwashe, nizime, niwashe tena, niende mbele hadi msikitini na kurudi. Hakuona kitu. Akasema haya, mjomba atamshusha mwanawe. Nilitoka nje nikajifanya nakagua buti, nisije nikaonekana ninavyocheka.

Mikidadi alikuja. Akalizunguka gari na kupiga teke tairi moja moja, ndivyo anavyoanza kila asubuhi na Landrova yake. Akasema, "Shemeji, gari lako mbona limechuchumaa? Hayana upepo haya." Nikamjibu kwamba kupima kwa mguu ni kwa magari yasiyo na akili. Langu likipungukiwa linasema lenyewe. Nikamwonyesha dashibodi na kumweleza habari za mizunguko. Alisikiliza yote kwa makini, akatazama tairi, akatazama dashibodi, akatazama tena tairi. Mwishowe akasema kama gari lenyewe halijaona shida, yeye ni nani. Amesema ni gari la ajabu, na angekuwa nalo asingechafua kiatu tena.

Mikidadi ni mtu mwungwana. Nilikaribia kumwonea huruma.

Jumamosi, 13 Juni



Ndoa ilifungwa asubuhi. Tulianza kushuka, Mwanaasha nyuma na kungwi wake, dada mbele kando yangu, Landrova nyuma yetu na godoro, masufuria na wageni. Gari lilikuwa limejaa. Kwenye kona ya kwanza nilikata usukani, gari likawaza kwanza, ndipo likageuka. Kona ya pili likawaza zaidi. Ikaanza kuja harufu ya mpira unaoungua. Nikasema ni breki za Landrova. Dada aliuliza kama tuko salama. Nikamwonyesha dashibodi. Nyeusi. Akatulia. Na mimi nikatulia, maana niliiamini. Niliizima mwenyewe kwa sindano, na bado niliiamini!

Tairi la nyuma kushoto likachomoka kwenye rimu. Gari lilikwenda ubavu, sikuwa na la kufanya, nilikuwa abiria tu aliyeshika usukani. Tulisimama kwenye tuta la njegere za mtu. Baada ya tuta lile hakuna kitu. Ni bonde.

Hakuna aliyepiga kelele. Mwanaasha aliniwekea mkono begani akasema, "Mjomba, shuka taratibu, sisi tunakufuata upande wako." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Binti wa miaka ishirini na tatu, siku ya harusi yake! Nilishuka, nikawatoa mmoja mmoja, kisha nikakaa barabarani nikalia. Mtoto huyu nilimshonea gauni la kwanza la shule. Nilikuwa nakwenda kumtupa bondeni kwa sababu ya taa.

Nilipochungulia ndani kuzima injini, dashibodi ilikuwa bado nyeusi.

Mwanaasha amemaliza safari kwenye Landrova. Mikidadi alivua koti lake la harusi akalitandika kwenye kiti ili gauni lisichafuke. Hakuniambia neno, pale wala huku mjini. Alibeba bibi harusi, nami kando yake, mpaka Kihonda. Sijawahi kuona mtu akikaa kimya vizuri kiasi kile. Dada naye hajasema kitu. Kimya cha dada ni kingine.

Jumapili, 14 Juni

Leo mchana tumekwenda kulichukua gari. Tairi la akiba limefungwa, limejaa upepo, imara kabisa. Nimeendesha kidogo tu, taa ikawaka!

Niliumia. Tairi zima, jipya, limejaa, halafu gari linalilalamikia! Saada alisema halilalamikii hilo, limeona tofauti tu, shida ni yale matatu mengine, na twende tukayapime yote sasa hivi. Nikamwambia yale matatu yameshuka mlima mzima na hayajafanya kosa lolote. Aliyekosea ni yule wa nyuma kushoto, na ameshaondolewa. Nikabonyeza kitufe. Ikapepesa, ikazimika. Ni mashine ya kupendeza kweli. Ukiielewa haikusumbui. Saada ameteremka na kutembea kwa miguu hadi nyumbani, nadhani alihitaji hewa.

Jioni Mwanaasha amepiga simu. Nilijua anapiga kunilaumu, nikaipokea nimesimama. Hakunilaumu. Alisema wiki ijayo anarudi Mgeta kumsalimia mama yake, na mumewe alitaka kumwomba Mikidadi. Amekataa. Amesema anataka kupelekwa na mjomba wake, kwa sababu alimwona akilia barabarani, na mtu aliyelia vile hawezi kurudia.

Akauliza jambo moja tu, kama ile taa imetulia.

Nimemwambia imezimika kabisa, mwanangu, asiwe na wasiwasi.