Hatua za Parit, Moyo Wangu

Jumatatu, 1 Julai 2024
Korogwe, kwenye utafiti wa moyo na urithi wa familia. Mama yangu alikufa kwa moyo akiwa na miaka hamsini na mmoja. Mimi nina arobaini na tisa. Nesi Beatrisi amenifunga mkononi kifaa cha kuhesabu hatua: nikitembea hatua elfu nane kila siku, presha huenda ikashuka. Hoja madhubuti. Nimeikubali nikiwa nimekaa.

Jumatano, 3 Julai
Hatua mia tisa na kumi. Nyingine, nakiri, nimezipata nikisukuma chapati. Mdogo wangu Glory, ambaye naye yumo kwenye utafiti, ametuma ujumbe: elfu kumi na mbili! Ameuliza kama dada yake anaumwa miguu.

Alhamisi, 4 Julai
Wazo! Jirani yetu Parit huzunguka kijiji chetu chote cha Sindeni na ng'ombe wake. Nimemvalisha kifaa. Aliuliza, mama, mbona saa hii haisemi saa? Nikamjibu ni ya sayansi. Akasema basi ng'ombe wataiheshimu.
Je, ni haki? Nina shaka. Lakini nina shaka pia na shaka yangu.

Jumatano, 10 Julai
Elfu thelathini na moja! Glory ameuliza navaa raba za aina gani.

Jumatatu, 15 Julai
Korogwe. Presha mia moja na sabini kwa mia moja. Haijashuka hata kidogo. Beatrisi akamwita daktari, daktari akamwita mwenzake. Mtu anatembea hivi na presha haisikii? Wanahisi nimerithi kinasaba cha nadra. Wanataka na damu ya binti yangu, Naomi.

Jumanne, 16 Julai
Naomi hukimbia kila asubuhi. Leo hakukimbia. Aliuliza: kama kutembea hakukumsaidia mama, yeye ajisumbue kwa nini? Ameweka raba zake juu ya kabati. Chapati yangu nimeiacha sahanini.

Jumatano, 17 Julai
Nimekwenda kukiri. Beatrisi alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka. Akasema, Mama Naomi, Parit hawezi kukusukumia damu.
Jioni nikamweleza Naomi. Alininunia, kisha akashusha raba. Tumetembea pamoja: hatua elfu mbili na mia nne, zote zangu.

Ijumaa, 19 Julai
Beatrisi amenitumia kichupa cha kuwekea mkojo. Sasa wanapima chumvi ninayokula. Nimetafakari sana. Udanganyifu ni jambo baya, hilo nimejifunza kikamilifu. Ila Parit, nijuavyo, amekua kwa maziwa matupu, chumvi haijui.
Sitaki kuhitimisha haraka. Nimemuuliza tu kesho atapita saa ngapi.
Kichupa nimeshakiosha.