Spoila Iliyonigandia Tumboni

Leo nimepata aibu, tena nikiwa nimevaa shati la kutokea!

Mimi huunda bodi za magari kwa faiba: bampa, spoila (lile bawa la nyuma ya gari), chochote mteja anachokiota. Tulikuwa wawili karakanani. Mwenzangu alirudi kwao Kakamega mwaka jana, nikabaki mimi na redio.

Jana jirani yangu kwenye ploti ninayoishi Tassia, Mama Neema, akanisimamisha kwenye ngazi. "Kesho tukitoka kanisa, uje tule." Miezi minane nimeishi pale na hakuna aliyewahi kunikaribisha hata chai. Shati nililipiga pasi mara mbili.

Asubuhi nikapitia karakanani kumalizia spoila moja. Kulikuwa na baridi, nami nina haraka, basi gundi ya faiba nikaizidishia dawa ya kuikausha. Mara faiba ikaanza kuinuka upande mmoja wa kalibu. Upande huo hushikwa na mwenzako. Mwenzako yuko Kakamega. Nikaukandamiza kwa tumbo. (Ovaroli? Niliona ni dakika mbili tu.)

Ikashika. Kalibu iliachia vizuri kwa sababu niliipaka waksi. Mimi sikujipaka! Spoila ikabaki kwangu: shati, vesti, hadi nywele za kifua. Vifungo vyote viko chini ya faiba.

Nikatoa simu nitafute mtu. Majina niliyo nayo ni ya wateja tu: "Bampa Probox". "Boneti Vitz". "Yule wa Milango". Hakuna hata mmoja wa kumwambia njoo unibandue. Hapo niliumia, jamani. Lakini nisipoenda leo, nani ataniita tena? Nikaenda hivyo hivyo.

"Cheki msee amevaa gari!" watoto wakapiga kelele. Waumini nao ndio walikuwa wanatoka kanisani. Nikawasalimia. (Ungefanya nini?)

Orofa ya nne, spoila ikakwama kati ya ukuta na vyuma vya ngazi. Sipandi, sishuki. Milango yote ikafunguka. Baba Neema akatoka na wageni wake wote.

"Jirani, hiyo ni nini?"

"Spoila."

"Ya nini?"

"Ya gari."

"Na gari umeliacha wapi?"

Ploti nzima ikaangua kicheko. Mama Neema akaja na makasi, akakata shati kuzunguka. Wengine wakanishika, huyu bega, yule kiuno. "Moja, mbili, vuta!" Nililia kama mbuzi. Nywele zilienda na spoila.

Nimekula kuku kwa chapati ndani ya shati la Baba Neema, watoto wakiniita Anko Bampa. Kifua bado kinawaka. Lakini sikumbuki mara ya mwisho kushikwa na watu wengi hivyo, na kusema kweli nilitamani ikwame kidogo zaidi.

Sasa nimerudi chumbani kwangu. Msinicheke. Au basi chekeni, ila njooni mchekee hapa. Kiti cha pili hakijawahi kukaliwa.