Maua ya Waridi Yarudi Kabla Askofu Hajafika

Kwa Mchungaji Mwau,
Kanisani kwetu Mwihoko, Ruiru.

Mpendwa Mchungaji,

Bwana asifiwe. Natumai koo lako limepona baada ya yale mahubiri marefu, kwa maana ni hayo hayo yaliyonishikisha kalamu. Mimi ni mwenyekiti wa Kamati ya Mapambo tangu kanisa likiwa la mabati, na sijawahi kulalamika, ila ile mara ya mapazia na ile ya zulia. Leo imenibidi.

1. Ulisimama mbele ya maua ya waridi ambayo Bwana Kahiga hututumia bure kila Jumamosi kutoka shamba lake kule upande wa Thika, ukauliza yamechumwa na nani. Mchungaji, maua ya kanisani hayaulizwi hivyo. Hata jogoo wa mnada wa sadaka hatumuulizi amelelewa na nani.

2. Swali lenyewe lingepita, maana wengi tulidhani ni la kuhubiri tu. Lakini Ndila wa kwaya, anayefanya kazi katika shamba hilo hilo, akasimama akalijibu. Akanyanyua mikono. Alisema dawa inayopulizwa kwenye maua huwachoma ngozi, na kwamba wameomba glavu tangu mvua za mwaka jana na kila wakiomba wanaambiwa wangoje. Mikono yenyewe, sikatai, ilitisha. Ndiyo maana nauliza kama ilifaa kuonyeshwa mahali nilipokuwa nimetandika kitambaa cheupe.

3. Bwana Kahiga alitoka kabla ya baraka. Jumamosi gari la maua halikuja.

4. Ukamwambia Ndila na wenzake wapambe kwa walicho nacho. Wakaleta nyasi za kando ya mto na maua ya maboga, wakayatia katika vyombo vyangu vya kioo! Kibaya zaidi, ilipendeza. Binti yangu Lynn aliniambia, "Mum, hiyo imeweza, wacha tu," na wale wanaosinziaga wakati wa matangazo wakakaa macho kutazama. Mimi nimepamba miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kuacha kusinzia. Iliniuma sana.

5. Sasa Askofu anakuja Jumapili kuwawekea vijana mikono. Akiona mboga madhabahuni si atadhani tumefilisika? Tena tukianza kuuliza maua yamechumwa na nani, kesho tutauliza joho lako limeshonwa na nani, keshokutwa benchi zimepigwa randa na nani, na ibada haitaisha kabla ya giza. Mungu anapenda uzuri. Haki inaweza kungoja Jumatatu, siku ambayo kanisa halina shughuli.

Kwa hivyo naomba, kwa heshima zote, umwandikie Bwana Kahiga barua ya msamaha, na umsihi Ndila alinyamazie jambo la glavu mpaka Askofu aondoke. Najua likinyamaziwa sasa halitasemwa tena, lakini waridi ni waridi. Kwa upande wangu, kesho nitakwenda shambani mwenyewe kumbembeleza Bwana Kahiga.

Nisalimie mama mchungaji, watoto, wazee wa kanisa, kwaya zote mbili na mlinzi wa lango.

Wako katika utumishi,
Wanja wa Gerishon (Mama Lynn),
Mwenyekiti, Kamati ya Mapambo.

N.B. Mwandiko wa sehemu hii ni wa mume wangu Gerishon. Mimi nasema, yeye anaandika. Alitaka tuirarue barua tuanze upya, lakini karatasi ni ile nzuri. Nilikwenda shambani, kama nilivyosema hapo juu. Bwana Kahiga alifurahi, akasema watu wake wako kwenye kupakia, nichukue makasi nichume mwenyewe. Niliomba glavu. Akaniambia ningoje. Nikachuma ndoo moja kwa mikono mitupu, na sasa vidole vimefura mpaka pete ya ndoa imebidi ikatwe. Ile ndoo niliiacha pale pale langoni kwake. Usimwandikie mtu msamaha. Ndila alete nyasi zake, vyombo Lynn ameshaviosha. Na Askofu akiuliza maua ya waridi yako wapi, nipe nafasi nisimame karibu na Ndila, nami nimwonyeshe mikono.