Mate ya Bingwa

Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kasuku, alikuwa anapita zake nje ya duka la baiskeli aliposikia mwenye duka akilalamika kwamba timu yake haijawahi kushinda mbio hata moja. Akasimama. Riziki haikwepwi.

"Mzee wangu," alisema, "wewe hutafuti waendesha baiskeli. Unatafuta vinasaba. Bingwa huwa bingwa tangu tumboni."

Wiki hiyohiyo vijana wa timu walipanga foleni, wakatema mate katika vichupa vilivyokuwa vya dawa ya kikohozi. Binti wa mwenye duka, muuguzi, alikunja uso.

"Baba, hakuna jeni moja inayompa mtu ushindi. Ni mamia, na bado mazoezi."

"Ndiyo maana nimechukua mate mengi," Profesa akajibu kwa upole.

Majibu yakatoka. Jeni ya kupanda milima ilikutwa kwa Kobe, kijana aliyezoea kumaliza wa mwisho, tena akiikokota baiskeli. Mwenye duka akashika kichwa. Profesa akamtuliza: jeni ipo, ila imelala, na kuiamsha kunataka baiskeli nyepesi. Ile ya dirishani, kwa mfano, yenye bei ya kiwanja.

"Aijaribu mlimani," alisema mwenye duka, ambaye tamaa haikuwa imemmaliza akili yote. "Ila wewe niachie gari lako rehani."

Profesa akatoa funguo bila kupepesa. Gari lenyewe lilikuwa la shemeji yake. Na alishapatana na Kobe: kwenye kona ya kwanza achepuke, baiskeli ifichwe kwa fundi wao, kisha arudi akilia kwamba ameporwa. Wizi si kosa la vinasaba, kwa hiyo funguo zingerudi. Kupita kona hiyo Kobe asingeweza. Hilo Profesa aliliamini kwa dhati.

Asubuhi Kobe akaondoka. Akafika konani. Akapita.

"Anapanda!" mwenye duka alipiga kelele. "Huyo anapanda!"

Profesa akakohoa. Kobe alipanda bila kushuka, bila kugeuka, akawa nukta, na nukta ikavuka kilele ikateremkia upande wa pili.

Machozi yalimlengalenga mwenye duka. "Nisamehe, Profesa. Nilikutilia shaka."

"Si kitu, mzee."

"Sasa atarudi saa ngapi?"

Simu ya Profesa ikatetemeka mfukoni. Aliusoma ujumbe mara mbili: "Kaka, kumbe ulisema kweli. Miguu haichoki kabisa. Msinisubiri."

"Anasemaje?"

"Anasema," alijibu Profesa, akizitazama funguo zikizama katika mfuko wa mwenye duka, "anajisikia vizuri sana."