Tela la Kuwapeleka Mbwa Kondoa

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Watu wamepumzika, mimi nimepata kazi. Yaani, karibu kuipata. Taufiq, mwenye ghala la alizeti kule Kondoa, amenipigia simu. Wezi wanamsumbua, anataka mbwa wa ulinzi na mtu wa kuwasimamia. Niwapeleke Jumatatu ijayo kwa majaribio. Sharti lake moja: waje ndani ya tela lililofungwa vizuri. Hataki mbwa wa kudondosha mate kwenye magunia, wala wa kumgusa mtu aliyekwisha kutawadha. Akauliza kama tela ninalo. Nikasema ninalo. Sina.

Mbwa ninao: Kamanda, Naibu na Popi. Kwa ukali, hapa Nkuhungu hawana mpinzani. Mjumbe wetu hajakanyaga kwangu tangu Pasaka.

Mke wangu Devota akanikumbusha tulivyokubaliana. Hii ndiyo nafasi ya mwisho. Nikiikosa, naenda kufyatua matofali kwa kaka yake, Ernest. Mimi! Kwa Ernest! Mtu aliyekula mbuzi wa mahari yangu, halafu ananiita dogo.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda kwa Zipora, fundi wa kuchomelea. Tela lake zuri, sikatai. Madirisha ya wavu, vyumba vitatu, kila mbwa na chake. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukubali. Ndipo akataja, wala sikumuuliza, kwamba shemeji yangu Ernest amechukua la namna hiyohiyo asubuhi. Ana mbwa wawili wa kulinda matofali. Na yeye kaitwa Kondoa, siku hiyohiyo!

Nikamwambia Zipora tela lake ni banda la kuku lenye matairi. Akasema haya, akashusha miwani, akaendelea kuchomelea. Siwezi kuingia Kondoa na tela pacha la Ernest. Watu watadhani mimi ni msaidizi wake.

Alhamisi, 10 Julai

Mzee Chandulal ana tela nyuma ya duka lake la vipuri. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha. Halina pande wala paa. Akashauri niwafunge mbwa kamba, mengine nizibe na turubai. Nikalijaribu. Hata mjini hatujatoka, Popi akakata kamba na kuruka. Akawa anakimbia sambamba na pikapu yangu, ananichungulia dirishani.

Tela nimelirudisha. Popi alifika nyumbani kabla yangu.

Jumamosi, 12 Julai

Nimepata! Leo mnada wa Msalato. Matonya, mchoma nyama, ana tela la bati la bluu. Limefungwa pande zote, lina matundu ya hewa na komeo la maana. Kila Jumamosi hulijaza mbuzi waliochinjwa, akawapeleka mnadani. Hilo ndilo tela! Ukilivuta, watu wanapisha. Ameniazima mpaka mnada ujao. Akasisitiza nilioshe ndani kwa maji ya moto na sabuni, maana mafuta ya miaka mingi yamezama kwenye mbao za sakafu.

Nimeosha nje. Nje ndiko watu wanakotazama. Maji yenyewe ya mgao, nikayamwage mahali pasipoonekana?

Kuwapakia hawa mbwa siku zote ni vita. Leo wameingia wenyewe, mbio, Naibu kamkanyaga Kamanda mgongoni. Devota akasema hapo kuna jambo. Nikamweleza kwamba hata mbwa anatambua kitu cha hadhi.

Jumatatu, 14 Julai

Naandika nikiwa nimesimama.

Tulifika Kondoa salama. Njia nzima kule nyuma kimya. Nikajua wanatunza nguvu. Ernest alikuwa amekwishafika na banda lake la kuku. Akaniita dogo mbele ya Taufiq.

Jaribio lenyewe rahisi. Mlinzi wa zamani wa ghala, Bartolomayo, anavishwa makoti mawili, anaruka ukuta kama mwizi. Walianza mbwa wa Ernest. Mmoja akaenda kulala kivulini. Wa pili akamkamata Bartolomayo koti, akamkalisha chini. Nikacheka kimoyomoyo. Mmoja kati ya wawili! Wangu watatu.

Zamu yangu. Nikafungua mlango kwa madaha. Kimya. Nikapiga mluzi. Kimya. Nikachungulia. Wote watatu wamelala chini, wanalamba sakafu, macho wamefumba. Bartolomayo akaruka ukuta. Akabeba gunia la alizeti. Akapita mbele ya tela, akalitua gunia apumzike kidogo, akawasalimia. Popi akatikisa mkia bila kuinua kichwa.

Nikaingia mwenyewe kuwatoa. Hapo sasa ukali ukaonekana! Kamanda alidhani nimefuata sehemu yake ya ubao. Nilitoka kwa kasi, Kamanda ameng'ang'ania suruali pamoja na sehemu ya kilichomo. Nikamwita Taufiq ashuhudie jinsi wanavyolinda. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba ameona, na siku akisumbuliwa na wezi wa matela atanipigia. Kazi akampa Ernest.

Zahanati nimechomwa sindano. Muuguzi akauliza mbwa huyo ni wa nani. Nikasema ni wangu, lakini tumekosana.

Nyumbani Devota kanichemshia maji ya chumvi. Kisha akampigia Ernest simu kuuliza naanza lini. Iliniuma kuliko meno.

Jumanne, 15 Julai

Nimemrudishia Matonya tela. Akachungulia ndani, akashangaa. Hajawahi kuiona sakafu ile iking'aa namna hiyo. Akataka kujua sabuni niliyotumia. Nikasema ni siri ya kazi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeanza kwa Ernest. Yeye yuko Kondoa, ana ghala la watu. Mimi nina udongo, kibao cha kufyatulia, na msimamizi aliyeachiwa maagizo kwamba niitwe dogo.

Lakini kufyatua matofali kunampa mtu muda wa kufikiri. Nimefikiri. Mbwa hawana kosa. Mimi sina kosa. Kosa ni la mbuzi.

Na bahati haijanikimbia. Mama Paulina ana shamba la zabibu Zuzu, ndege na wezi wanamlia sawasawa. Anataka kuona mbwa Jumapili, baada ya ibada. Zipora kasikia, kaniletea salamu kwamba lile tela la madirisha bado lipo, nikilihitaji. Asante, sihitaji. Nimeazima la mchuuzi anayeleta samaki kutoka Mtera. La kijani, limefungwa kila upande, na samaki siyo mbuzi.

Limefika jioni hii. Sijafungua mlango vizuri, mbwa wote watatu wameshaingia. Dalili njema kabisa.