Vibao Ishirini na Vinne vya Wanamaji

Jumatatu, 9 Juni. Maji digrii 28.

Sijapima. Lakini nimetia kidole, na kidole changu kina uzoefu wa miaka hamsini na tatu.

Daftari hili ni la Lien. Kaniachia niandike joto la maji kila asubuhi, basi. Lakini ukurasa mzima kwa namba moja? Ufujaji! Nafasi inayobaki naijaza mimi, Ozeme Necaise, mwenye gati bora kuliko yote kwenye mfereji huu.

Lien Phan anasoma chuo kikuu, shahada ile ya juu kabisa. Anayemlipia ni serikali, upande wa wanamaji. Kazi yenyewe ni vibao ishirini na vinne, kila kimoja na rangi yake, vinaning'inia kwa minyororo ndani ya maji chini ya gati langu. Mwaka wa pili huu. Wanamaji wanatafuta rangi ya kuyashinda yale magamba magumu yanayong'ang'ania chini ya meli. Chuo kinanilipa kodi ya gati. Masharti mawili tu: pima maji, usiguse vibao.

Leo kaja mbio. Ijumaa anakuja mtu wa wanamaji, Daktari Haverkamp, kuamua kama watatoa ruzuku ya mwaka wa tatu. Bila huo mwaka Lien hamalizi masomo. Anarudi kiwandani kumenya kamba wa baharini na mama yake. Kanishika mkono kwa mikono yake miwili: Anko Zeme, nakuomba, usifanye kitu. Chochote. Wewe kaa tu.

Kukaa tu! Mimi!

Jumanne, 10 Juni. Maji 28.

Royce Cuevas wa ng'ambo ya mfereji kashapata habari. Yule mtu masikio yake kama milango ya kanisa. Asubuhi kapandisha bendera mpya, halafu kaniita kwa kelele eti Zeme, hao wanamaji wakiliona hilo banda lako watalipiga kombora wakidhani ni adui. Wateja wake wa chambo wote wakacheka. Nikamjibu heri banda langu kuliko chambo chako, samaki wakikinusa wanahama jimbo, mpaka Alabama. Wakacheka zaidi. Sare, bao moja kwa moja.

Nimekwenda dukani. Rangi nyeupe, ndoo mbili. Gati lote sasa linang'aa kama meno ya mchungaji. Nimesimamisha na bango la maegesho ya magari: ADMIRALI TU. WENGINE MTAVUTWA.

Dada yangu Earline, ninayekaa naye, kauliza nani kasema anakuja admirali. Nikamwambia jeshi haliwezi kumwaga mapesa yote yale halafu likatuma karani. Kasema haya, lakini rangi haijakauka na umeshaikanyaga. Kweli. Nyayo zangu mpaka jikoni.

Jumatano, 11 Juni. Maji 28.

Nimevuta kibao kimoja, kutazama tu. Kutazama si kugusa.

Mama yangu wee! Magamba, majani, utelezi, kaa mdogo kajenga na sebule kabisa.

Nikafikiri. (Nikiwa na njaa nafikiri vizuri.) Wanamaji wanalipa ili vitu visiote. Ijumaa admirali avute kibao, akute bustani. Atasema nini? Mmeshindwa, kwaherini. Halafu binamu yangu Hollis alikaa kwenye jeshi hilo miaka minne, hakufanya lolote ila kusugua sitaha. Anasugua mpaka leo, mkewe hajui ufagio uko wapi. Wanamaji ni usafi!

Nimevisafisha. Vyote ishirini na vinne! Jua hili la Juni, mgongo huu. Na kwa vile mimi si mtu wa kubahatisha nimeandika jasho langu lote, Lien ajue wa kumshukuru. Namba 1 patasi, dakika kumi, kucha imekwenda. Namba 2 patasi na matusi. Ya 3 mpaka 6 hivyo hivyo, matusi mengine. Namba 7 ndiyo rafiki yangu! Nilisukuma kwa kidole gumba, magamba yote yakateleza kama yai kwenye siagi. Namba 8 karibu sawa, gumba na kucha kidogo. Ya 9, ya 10, patasi. Namba 11 nyundo! Kuanzia 12 sikumbuki vizuri, nilikuwa nalia, ila 19 ilinirukia usoni.

Sasa vinang'aa. Mtoto atalia kwa furaha.

Alhamisi, 12 Juni. Maji 28.

Mtoto kalia.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivuta kibao, akavuta cha pili, akavuta cha tatu, halafu akaketi pale pale kwenye gati. Rangi bado mbichi, lakini sikuona kama ni wakati wa kulitaja hilo. Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtu aliyeanguka kutoka kwenye paa. Hayo magamba ndiyo kazi. Miaka miwili ya kuyasubiri yaote. Picha za kilichoota anazo, za mwezi uliopita, lakini picha haisemi gamba limeshika kwa nguvu gani, rangi ipi linaachia, rangi ipi linang'ang'ana. Hilo ndilo lingepimwa kesho, mbele ya mgeni.

Akauliza, kwa sauti ndogo, kama nimebakiza hata kimoja.

Nikasema hata nyuma nimesugua.

Akaondoka kumpigia simu profesa wake. Suruali nyuma mistari myeupe. Moyo ulinikatika, jamani. Mtoto huyu nilimjua akiwa anavua kaa hapa kwa shingo ya kuku na uzi.

Lakini Necaise hashindwi! Nimekwenda chini ya gati la Royce na ndoo, nikabandua magamba yake. Royce kaniona. Kauliza Zeme, umefikia kuiba uchafu? Nikamwambia nakusaidia usafi, huu ndio ujirani. Gundi kali, mirija kumi na minne. Namba 1 mpaka 9 nimebandika safi, kama vigae vya bafuni.

Earline kaleta sahani ya chakula. Katazama. Kauliza mbona hayo magamba midomo yote inatazama kibao.

Nimeyabandika kichwa chini. Vibao tisa!

Gundi haitoki. Nimejaribu.

Ijumaa, 13 Juni. Maji 28, mimi mwenyewe natoka jasho kama 40.

Naandika kwa raha sasa. Nianze mwanzo.

Saa mbili asubuhi nimesimama gatini na kofia ya Hollis. Kaja mama mmoja, ndala miguuni, gari la kukodi, kaegesha pale pale pa admirali. Nikamwomba asogeze. Kasogeza, kaja kusimama karibu yangu, kauliza tunamsubiri nani. Admirali, nikasema. Tukamsubiri wote. Nikamgawia karanga za kuchemsha. Likaja lori, akashuka mtu mavazi meupe tangu kofia mpaka viatu. Nikapiga saluti mpaka bega likalia! Mtu akaniuliza gati la Cuevas ni lipi, kaleta barafu.

Ndipo Lien akafika, akamwambia yule mama karibu, Daktari Haverkamp.

Niliomba ardhi ipasuke. Ni maji tupu hapa, hakuna cha kupasuka.

Daktari kavuta kibao namba 3. Kakigeuza huku na huku. Kasema miaka ishirini anatembelea magati, hajaona gamba lililojiua kwa kuzama kichwa kwanza. Lien akamweleza yote, hakuficha hata chembe. Sikuvumilia. Nikajitokeza mbele: mama, kosa langu, msimkatie mtoto ruzuku, nikateni mimi, gati chukueni, kofia si yangu lakini chukueni.

Yule mama akauliza kama kuna aliyeandika kilichotokea kwenye kila kibao. Lien akasema hapana, lipo tu daftari la Anko la joto la maji.

Nikalificha nyuma. Akanyoosha mkono. Mkono wa mwalimu, huo haukataliki.

Alisoma amesimama. Kwanza kasema bahari hii ina nidhamu ya kijeshi, digrii 28 kila siku. Halafu akafika kwenye samaki wa Alabama, akacheka mpaka karanga zikamwagika. Akageuza ukurasa. Akaacha kucheka. Akarudia namba 7. Akarudia namba 8. Akauliza rangi ya hivyo viwili katoa nani. Lien akasema yeye, kaichanganya mwenyewe maabara. Wakatoa zile picha: mwezi uliopita namba 7 ilikuwa imejaa kama nyingine, ila magamba hayakushika.

Akaniambia nimwoneshe gumba. Nikamwonesha.

Kasema hii si sayansi. Kidole cha mtu si kipimo, na gundi asiione tena maishani mwake. Lakini sasa anajua pa kutazama. Mwaka wa tatu upo! Vibao vipya, rangi ya Lien kwa wingi, na chombo cha kweli cha kupimia nguvu.

Lien kanikumbatia, analia, ananipiga mgongoni kwa ngumi kwa wakati mmoja. Mimi nikaketi pale pale gatini. Rangi ilikuwa imekauka, Mungu ni mwema.

Sharti moja. Nusu ya vibao vitaning'inia kwa Royce. Mbali na mimi.

Kwa Royce! Haya. Haya basi. Leo nameza hata hilo.

Jumapili, 15 Juni. Maji 28.

Daftari jipya. Lien kaandika kwenye jalada kwa herufi kubwa: JOTO LA MAJI TU. Mtoto mtani sana.

Jana vibao vipya vimeingia majini, kumi na viwili kwangu, kumi na viwili kwa Royce. Halafu tukala mkizi wa kukaanga gatini. Mama Lien kaleta kamba, kasema hawa kawamenya kwa hiari. Royce naye kaja, kala samaki watano, kaniita Mheshimiwa Gumba. Nimecheka. Nimelala usiku kucha, mara ya kwanza tangu Jumatano. Raha ya kuponea chupuchupu!

Leo nimemwuliza Lien magamba mapya yataota lini. Kasema ni miezi, Anko, wewe kaa tu.

Miezi! Na je yale ya Royce yakitangulia?

Nikafikiri. (Nimeshiba, lakini nikafikiri.) Gamba ni kiumbe, na kiumbe hula. Nimenunua chambo kwa Royce, ndoo tatu, nikamwambia nakwenda kuvua. Nimemimina zote chini ya gati langu. Ndege aina ya mwari kumi na wawili wameshatua, na kuna kitu kikubwa kinavuta minyororo.

Kutazama si kugusa. Na kulisha nako si kugusa.