Shati la Mchumba Asiyesema

Jumatano, 5 Machi
Basi, kama nilivyokuwa nasema kabla wino haujakatika, mchumba wa binti yangu hasemi. Kaja kunisalimia, kakaa saa mbili kwenye kiti cha wateja, mbele ya cherehani yangu. Shikamoo mama. Ahsante. Maneno matatu, nimehesabu. Mtu kimya hivyo anaficha kitu, labda mke. Nikamwambia binti. Akasema sikumpa hata nafasi ya kupumua, na nikiendelea kuwahukumu watu hivi hatamleta tena, wala yeye mwenyewe hatakanyaga hapa. Ninaye huyo mmoja tu.
Nimeapa. Kuanzia leo moyo mweupe kwa kila mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Moyo mweupe haukatazi kuuliza. Nimemwita nimshonee shati. Mtu mwenye futi ya fundi shingoni hakimbii. Nimempima shingo mara nne. Nikamuuliza kwao wangapi, kashawahi kuoa, analala upande gani wa kitanda. Akasema wanne, hapana, wa ukutani. Akatabasamu. Sikumpenda. Labda kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekata kitambaa huku mimi na jirani yangu fundi viatu tunamchambua mkwe. Tumemchambua mpaka mifupa. Shati limekwisha, nikalifunga kwenye gazeti, mkwe akaja akalichukua.

Jumapili, 9 Machi
Kaja nalo mwilini. Mkono wa kushoto umejipinda kama umevunjika. Kumbe sikugeuza kitambaa, nimekata mikono yote miwili ya kulia. Miaka ishirini na mbili ya ufundi! Na yeye kalivaa tangu asubuhi, kapita nalo kwa wajomba zake wote. Binti akamuuliza mbona hakusema. Akasema mama alikuwa na furaha sana akinipima.
Nikaenda jikoni kutafuta sukari iliyokuwa mezani mbele yetu. Nikakaa huko. Binti akanifuata, akanishika bega, kimya. Keshaambukizwa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimejifunza. Simhukumu tena mtu kwa ukimya wake. Wakimya ndio watu. Leo anakuja mama yake mchumba tupange harusi. Namsikia tangu kwenye kona, anaongea na muuza duka, na kinyozi, mpaka na mbwa wa kinyozi. Hapumui. Mtu wa maneno hivyo anaficha kitu. Nimeshatoa futi, nitamwambia namshonea gauni, nianze na shing
Huyo mlangoni, anaita mzazi mwenzangu, mzazi mwenzangu, uko wapi. Nakuja, dada, naweka tu kalamu chi